DATSUN YA KAKA: KUFUFUA MOTOKAA YA MASHINDANO NYUMBANI

Hotuba hii ilitolewa baada ya chakula cha mchana katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Tumeipunguza kidogo tu.



Nimepewa dakika ishirini na tano. Katibu wetu aliponiandikia, aliniomba nizungumze juu ya maisha baada ya kustaafu. Nilimjibu kuwa juu ya jambo hilo sina la kusema ila moja, nalo nitakuja nalo mwenyewe na kuliegesha chini ya mkwaju. Tangu asubuhi naona vijana wa Kidato cha Pili wanalizunguka kama nzi juu ya halua. Basi nitasema juu ya hilo, na kama kuna aliyekuja kusikia habari za pensheni, namwomba radhi.

Wale mliokuwa hapa mwaka 1977 hapana shaka mnaikumbuka motokaa ile. Ilikuwa siku ya wazazi, nami nilikuwa Kidato cha Tatu. Wazazi wengi walikuja kwa basi, wengine kwa miguu, na mzee mmoja alikuja kwa baiskeli amempakia mkewe nyuma. Kaka yangu, ambaye naye alisoma hapa hapa miaka kumi kabla yangu, aliingia langoni na motokaa nyekundu, ndefu mbele, fupi nyuma, yenye viti viwili tu, na taa mbili za ziada chini ya bampa. Ilinguruma mara moja, akaizima. Siku hiyo nilipata marafiki ambao asubuhi yake sikuwa nao. Mmoja wao amekaa meza ile ya mbele, na anacheka kwa sababu anajijua.

Kwa faida ya vijana niseme motokaa yenyewe ni nini. Ni Datsun 240Z. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969, na kwao Japani iliitwa Fairlady Z. Injini yake ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake sentimita 2,393, na hulishwa petroli na kabureta mbili. Magurudumu yote manne kila moja lina springi yake na hucheza peke yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa gari la bei ile. Iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1973, kisha ikaja ndugu yake, 260Z.

Lakini huku kwetu hakuna aliyeipenda kwa hesabu hizo. Tuliipenda kwa ajili ya Safari. Mnajua kuwa mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalikuwa ya Pasaka. Wengine walikwenda kanisani, wengine walikwenda kusimama kando ya barabara wale vumbi, na wako waliofanya yote mawili. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 akashinda tena, safari hii na 240Z, na wa pili akawa Shekhar Mehta, naye pia na 240Z. Mwaka 1973 ikawa kioja. Mehta katika 240Z na Msweden Harry Källström katika Datsun 1800 SSS walimaliza wakiwa na alama sawa za adhabu, wakatazamwa nani alikwenda mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu ya kwanza, ushindi akapewa Mehta. Mimi na kaka tulifuata habari hizo kwenye redio ya jirani, na matokeo yalipotangazwa kaka alisimama akasema, "Hiyo ndiyo nitakayonunua." Alikuwa karani wa bandarini, mshahara wake haukutosha kununua hata mlango wa motokaa ile. Tulimcheka.

Mwaka 1976 aliinunua. Ilikuwa imegongwa ubavuni, mwenyewe anahama nchi, akaiuza kwa bei ya kutupa. Kaka aliinyoosha, akaipiga rangi nyekundu na boneti nyeusi kama zile za Safari, akaiendesha zaidi ya miaka ishirini. Alifariki mwaka 1999. Gari likasukumwa ndani ya banda la makuti nyuma ya nyumba yake Kisauni, likafunikwa turubali, likakaa humo miaka kumi na minane.

Mwaka 2017 nilistaafu. Mwezi wa kwanza nililala. Mwezi wa pili mke wangu aliniuliza kama nina nia ya kuendelea hivyo. Mwezi wa tatu nilikwenda kwa shemeji, mjane wa kaka, nikamwomba gari. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Chukua, shemeji. Ila usiliuze, na usije ukalifanya gari la mtu mwingine." Nusu ya kwanza ya maneno hayo niliielewa. Ya pili nilidhani nimeielewa.

Sasa nije kwenye kazi, maana naona mafundi wamo humu ndani na wananitazama kwa shaka.

Adui wa motokaa hii ni kutu, na adui huyo Kisauni ana nyumba yake mwenyewe. Upepo wa bahari huleta chumvi usiku na mchana. Nilipoondoa turubali niliona gari zima, rangi imefifia tu, nikafurahi. Nikapiga bisibisi sakafuni, ikazama hadi mpini. Nikapiga chini ya sahani ya betri, bati likaanguka lote pamoja na sahani yake. Atakaye kununua motokaa ya aina hii asiangalie rangi kabisa. Apige magoti aangalie mahali sita: chini ya betri, sakafu ya dereva na ya abiria, mihimili miwili inayopita chini ya sakafu, vizingiti vya milango, pembe za nyuma mbele ya gurudumu, na shimo la tairi ya akiba. Langu lilikuwa limeoza pote sita.

Nilimwita kijana mmoja fundi wa jua kali, hodari sana, ambaye mpaka leo ni kama mwanangu. Alizunguka mara mbili, akasema, "Mzee, hapa tukate, tutie injini ya Toyota ya kompyuta. Siku tatu inawaka." Wala hakuwa anafanya mzaha. Injini hizo zipo, spea zake zinauzwa kila kona, na hazili mafuta. Nilikaa na shauri lake wiki nzima. Lakini ili injini ile iingie ilibidi kukata mihimili ya mbele na ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva, na bati likishakatwa halirudi tena. Nikamwambia, "Mwanangu, kinachofunguliwa kwa spana na kurudishwa kwa spana tutakibadilisha bila woga. Kinachotaka msumeno, tutalala nacho kwanza." Akakubali, ingawa kwa uso wa mtu anayemhurumia mzee.

Kazi ya bati ilituchukua mwaka na nusu, uani kwangu, chini ya turubali. Majirani walistahimili, nawashukuru. Kuna jambo ambalo watu wengi hukosea hapa. Motokaa hii haina fremu nzito ya chuma kama lori; bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Ukikata vizingiti vya milango bila ya kujiandaa, gari hukunjika katikati kama samaki aliyepasuliwa, na milango haitafungika milele. Kwanza tulichomelea vyuma vya mwega ndani ya kila tundu la mlango, tukapima kwa futi ya chuma kutoka pembe hadi pembe, tukaandika vipimo ukutani kwa chaki. Ndipo tukakata, upande mmoja tu, tukaujenga upya kwa bati la milimita moja, tukapima tena, tukahamia upande wa pili. Tangi la petroli tulilitoa siku ya kwanza kabisa na kulipeleka mbali na moto. Na gari halikukaa juu ya jeki hata siku moja. Lilikaa juu ya stendi nne za chuma. Jeki ni ya kuinulia. Mwenye kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake amemwachia mtu mwingine kazi ya kumzika.

Vyuma vidogo, yaani bolti, bawaba na mabano, tulivisafisha kwa molasi. Msicheke. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, ndani ya pipa la plastiki, wiki mbili. Chuma hutoka cheusi, safi, kutu imekwisha. Harufu yake ndiyo iliyomfanya mke wangu ahamie kwa dada yake siku tatu. Lakini msitie humo kitu cha aluminiamu. Mimi nilitia kifuniko kimoja kwa bahati mbaya, nikakitoa kimeliwa kama embe lililookotwa na popo.

Injini nayo ilikuwa imekwama. Tulitoa plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi katika kila silinda, tukaiacha siku kumi, kisha tukaizungusha kwa spana ndefu, polepole, huku na huku, mpaka ikakubali. Ndani tulikuta silinda ya tano ina alama ya kutu ya kina. Hapo hapana ujanja. Lazima silinda zichongwe upya na pistoni kubwa zaidi zitiwe. Niliagiza pistoni zenye nusu milimita zaidi, zikachukua miezi mitatu kufika. Wakati huo huo nikapeleka bloku katika karakana moja, jina lake sitalitaja, nikawaandikia kipimo kwenye karatasi. Walichonga milimita nzima.

Nilikaa juu ya boksi la spana nikaitazama ile bloku kama mtu anayetazama nyumba yake iliyoungua. Silinda ya 83 ilipaswa kuwa 83.5, sasa ni 84. Aliyechonga alisema karatasi haikusomeka, na nikiri kuwa mwandiko wangu mwalimu wetu wa Kiingereza aliwahi kuusema mbele ya darasa zima. Nilinunua seti nyingine ya pistoni. Ile ya kwanza ingali kabatini kwangu, bado ina karatasi yake ya mafuta, kwa hiyo kama kuna mwenzetu mwenye L24 anayehitaji tuzungumze baadaye. Injini yangu si 2,393 tena, ni kama 2,450. Fundi wangu huwaambia watu kuwa tuliiongeza nguvu kwa makusudi. Nanyi mkifika hapo, nunueni pistoni kwanza, mkabidhini mchongaji pistoni zenyewe mkononi, azipime mwenyewe, ndipo aguse bloku. Msimpe karatasi.

Kabureta mbili zinataka sikio. Zikiwa hazilingani, moja inafanya kazi na nyingine inapanda bure, na injini hutikisika kama mtu mwenye homa. Mafundi wa zamani walizilinganisha kwa kipande cha mpira wa maji. Unaweka ncha moja kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, nyingine sikioni, unasikiliza mlio wa hewa. Unahamia ya nyuma. Unakaza na kulegeza skrubu mpaka milio iwe sawa. Na usisahau mafuta membamba ndani ya kikombe cha juu cha kila kabureta, maana pasipo hayo bastola yake hupanda ghafla na gari hukohoa ukikanyaga. Valvu tulizipima injini ikiwa baridi, milimita 0.20 za kuingizia na 0.25 za kutolea, kisha tena ikiwa moto, 0.25 na 0.30. Iliwaka Jumapili moja jioni, mwaka wa nne. Fundi wangu aliruka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikarudi baada ya dakika kadhaa.

Sasa, nilibadilisha nini? Breki za mbele kwanza. Zile za asili zina pistoni mbili kila upande, zilitosha mwaka 1971 barabara zilipokuwa tupu. Leo barabara ya Mombasa imejaa malori kutoka mwanzo hadi mwisho. Wenye magari haya duniani kote wamegundua kuwa kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux za miaka ya mwanzo ya 1980, zile za magurudumu manne, zinaingia katika matundu yale yale ya bolti. Ni bati la kukinga vumbi tu linalopunguzwa kidogo. Na kalipa za Hilux hapa kwetu hazitafutwi, zinakutafuta zenyewe. Za asili nimezifunga kwa kitambaa nikaziweka.

Pili, taa. Katika motokaa hii umeme wote wa taa kubwa hupita ndani ya swichi ya kwenye usukani, na kwa miaka hamsini swichi hiyo hupata joto, huyeyuka, na taa huzimika ukiwa kwenye kona. Tulitia rilei, ili swichi itoe amri tu na mzigo ubebwe na waya mnene kutoka kwenye betri. Kisha pointi za distribyuta tukaziondoa, tukaweka kifaa cha elektroniki ndani ya distribyuta ile ile, hata ukifungua boneti hukioni. Yote hayo yanafunguliwa kwa spana na bisibisi, na mjukuu wangu akitaka kuyarudisha ya zamani atayakuta ndani ya sanduku yakiwa na majina yake. Nikaridhika sana na nafsi yangu.

Mjukuu huyo ndiye aliyenivunja hiyo ridhaa. Alikuwa na miaka kumi na minne, tulikuwa tunakwenda Voi, safari ya kwanza ndefu. Tulipopita Mariakani alisema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni joto, afungue dirisha. Akafungua. Baada ya muda akalala, nami nikaona ni vyema apumzike. Nilikuwa nimelewa mlio wa injini, Bwana Mwenyekiti, na huo ndio ukweli. Karibu na Maungu mimi mwenyewe nikahisi macho mazito, nikasimama ninunue maji. Nilimwita, hakuitika. Nilimtikisa, kichwa kikaanguka upande. Nilimtoa nikamlaza kivulini kwenye nyasi, wanawake wa sokoni wakaja mbio, na baada ya dakika ambazo sitaki kuzihesabu alifungua macho akatapika. Dereva mmoja wa lori alituchukua mpaka hospitali ya Voi. Walimtia hewa ya oksijeni, na jioni alikuwa anaomba chipsi.

Ilikuwa moshi wa gari letu wenyewe. Ndani ya moshi mna hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Gari lenye umbo hili linapokwenda kasi, hewa hupita juu ya paa na kuacha nyuma pengo linalovuta, na moshi unaotoka bombani hurudi ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma na nyufa za taa. Ukifungua dirisha la mbele unatoa hewa ya ndani na kuuvuta moshi zaidi. Nami ndiye niliyemwambia afungue. Mpira ule wa mlango ulikuwa wa asili, nami nilikuwa nimeusafisha kwa mikono yangu na kuurudisha kwa sababu ulikuwa wa asili. Nilijivunia.

Niliutupa. Tulitia mipira mipya pande zote za nyuma, tukaziba kila tundu la waya, na bomba la moshi tukalirefusha likapita bampa na kuelekea chini. Halipendezi. Jamaa mmoja mpenzi wa magari ya zamani aliliona akasema nimeharibu sura ya gari. Nilimjibu kwa maneno ambayo hayafai kuchapishwa katika gazeti la shule.

Limebaki jambo moja, na naona Katibu anatazama saa.

Rangi ilipokamilika nilimwalika shemeji aje kuliona. Nyekundu ile ile, boneti nyeusi ile ile, kila bati laini kama sahani. Alikuja amevaa leso mpya. Alizunguka polepole, akagusa mlango, akatazama ndani, akaja mbele, akainama. Akaniuliza, "Matundu ya taa yako wapi?"

Chini ya bampa palikuwa na matundu manne ambayo kaka aliyatoboa afunge zile taa mbili za ziada. Hayakutoka kiwandani. Yalikuwa yametobolewa vibaya, moja limepinda, na kutu ilianzia hapo. Sisi tuliyaziba kwa moto, tukasugua kwa msasa, tukapaka rangi, na fundi wangu alisifiwa kwa kazi hiyo hata na mafundi wenzake. Nilimweleza shemeji kuwa tumelirudisha gari kama lilivyotoka Japani.

Akasema, "Nilimshikia kurunzi usiku ule. Alitoboa kwa drili ya mkono, mpaka saa nane. Lile lililopinda ni mimi niliyetikisa mkono nikicheka."

Hakunilaumu. Alikunywa chai, akamuuliza mke wangu habari za watoto, akaenda zake. Usiku huo nililala na jambo lile, kama nilivyomfundisha fundi. Miaka minne nilijihadhari na msumeno, nikasahau kuwa mashine ya kuchomelea nayo hukata. Kaka aliishi na motokaa ile miaka ishirini na mitatu. Kiwandani ilikaa siku chache tu. Nami nilifuta kazi ya mkono wake nikaita kufufua.

Asubuhi nilimpigia fundi. Alidhani nimeugua. Kutoboa rangi mpya, mzee? Ndiyo, kutoboa rangi mpya. Mabano ya taa yalikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na bolti zake, kaka aliyahifadhi. Tuliyaweka mahali pake, tukaweka alama. Nilimwita shemeji, nikampa kurunzi ingawa ilikuwa mchana, naye akaishika. Matundu matatu nilitoboa sawasawa. La nne nilimpa drili yeye. Nimelipaka dawa ya kutu kwa ndani, lakini sikulinyoosha.

Mwaka jana bwana mmoja kutoka Ulaya, aliyekuja kwa mashindano ya Safari ya magari ya zamani, aliliona likiwa Nyali akanitajia bei. Ingetosha kununua kiwanja na kuanza msingi. Alisema kasoro yake ni bomba la moshi na yale matundu ya mbele, lakini hayo angeyarekebisha. Nilimshukuru nikamwambia lina mwenyewe.

Liko pale nje, chini ya mkwaju. Boneti nimeiacha wazi. Atakaye kuketi ndani aketi, viatu vyake viwe safi, na mlango wa nyuma aufunge polepole, mpira wake bado ni mpya. Shemeji yupo, amekaa kwenye kiti cha abiria, maana alisema hataki hotuba. Mkimwuliza juu ya lile tundu la nne atawaeleza mwenyewe.